Meno 22 mbele, na sioni haya

Fundi wangu wa baiskeli pale Mabatini, Mwanza, alicheka nilipomwambia afungue krenki (ile mikono ya pedeli na magurudumu yake ya meno, yaani spoketi) yenye spoketi za meno 48, 38 na 28, anifungie ya 42, 32 na 22. "Mzee, hiyo gia ya watoto. Utakanyaga weee, baiskeli iko palepale." Nikamwambia funga tu.

Hakuniona mwaka jana kisiwani Ukerewe, kwenye njia ya vumbi kutoka Nansio kwenda Bugolora, nikiwa na kilo 20 kwenye keria: hema, sufuria, nguo, maji lita 6. Bondeni mchanga, ukitoka mchangani kilima. Gia yangu nyepesi kuliko zote ilikuwa 28 mbele, 28 nyuma, yaani pedeli ikizunguka mara moja na gurudumu mara moja, mita 2 na kidogo. Kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa hiyo ni mizunguko 40 tu kwa dakika, na kila mmoja unausikia gotini. Nikasimama juu ya pedeli. Kumbe ukisimama uzito unahama, tairi la nyuma halishiki tena. Likaserereka kwenye changarawe, nikashusha mguu. Kijana mwenye gunia la dagaa kwenye baiskeli ya Phoenix akanipita akiwa anatembea, anaisukuma. "Pole, mzee."

Sasa nina 22 mbele na kaseti, yaani zile spoketi za nyuma, inayofika meno 34. (Kaseti kubwa hivyo inataka ule mkono mrefu wa gurudumu la nyuma, unaohamisha na kukaza mnyororo, la sivyo mnyororo unalegea. Usimwachie fundi abahatishe.) Mzunguko mmoja unanisogeza mita 1.3 hivi. Kwa mwendo uleule miguu inazunguka mara 60 na ushee, nimekaa kwenye siti, napumua, ziwa nalitazama.

Nimepoteza nini? Kwenye lami ya kwenda Magu, nikikimbiza sana miguu inakwenda kama cherehani. Lakini nani anakimbiza hema? Mteremkoni mimi huacha kukanyaga kabisa.

Ila kuna mpaka wake. Ukishuka chini ya kilomita 4 kwa saa baiskeli yenye mzigo inayumba kama mlevi, hapo bora ushuke usukume kama yule kijana wa dagaa.

Krenki ya zamani nilimwachia fundi aiuze. Juzi nimepita, bado inaning'inia msumarini.