Maneno ya familia ya Kihispania yanafundishwa nusu

Karibu kila kitabu cha kuanzia Kihispania kina ule mchoro wa ukoo: babu na bibi juu, wajukuu chini. Abuelo, abuela, padre, madre, hermano, hermana: babu, bibi, baba, mama, kaka, dada. Mwanafunzi anakariri, anafanya jaribio, somo limeisha. Mimi naona hapo wanafunzi wanapunjwa, kwa sababu mchoro unaishia kwenye damu.

Chukua Mexico. Mtoto akibatizwa anapata padrino na madrina, yaani wazazi wa ubatizo. Hilo Wakatoliki wa kwetu wanalielewa vizuri. Lakini kule uhusiano unaofungwa siku hiyo ni wa watu wazima pia: baba mzazi na baba wa ubatizo wanaanza kuitana compadre, wanawake comadre, na ni wa kuitana hivyo maisha yao yote. Halafu kuna consuegros, wazazi wa mume na wazazi wa mke, wao kwa wao. Ukialikwa kwenye harusi, haya utayasikia kabla hujaulizwa habari za babu yako.

Sisi tuliozoea kutenganisha mjomba na baba mdogo, shangazi na mama mdogo, tunakuta tío na tía wamebeba wote. Usihangaike. Ikibidi kufafanua, sema hermano de mi mamá, kaka yake mama, na kila mtu atakuelewa. Penye kuteleza hasa ni kwenye wingi. Los padres ni baba na mama. Mtu akisema tengo tres hermanos, nina ndugu watatu, huenda ana dada wawili na kaka mmoja, kwa hiyo muulize. Na wewe uliyepitia Kiingereza kwanza, jihadhari na parientes, linalofanana na parents ya Kiingereza: hao ni jamaa wote wa ukoo, si wazazi.

Majina nayo yangefundishwa somo hilohilo. Mwandishi wa Colombia, Gabriel García Márquez, alipata García kwa baba na Márquez kwa mama. Anayemwita Márquez peke yake ameuacha upande wa baba. Nchini Hispania mke habadili majina yake akiolewa, na tangu 1999 sheria inawaruhusu wazazi kutanguliza jina la mama. Mwanafunzi asiyejua hili atashangaa kuona baba, mama na mtoto wana majina tofauti, akadhani ndoa imevunjika.

Ningekuwa na sauti kwa walimu, ningewaomba waanze na picha zilizomo kwenye simu za wanafunzi. Kila mmoja aonyeshe watu wake na kusema: ella es mi suegra, huyu ni mama mkwe, él es mi cuñado, el esposo de mi hermana, huyu ni shemeji, mume wa dada. Darasa la watu wazima litahitaji suegra na cuñado siku ya kwanza, hata kama kitabu kimeyasukuma sura za mwisho.