Alkaloidi zingine za mimea zinazima kinga ya mwili, sio kuamsha
Jamani kuna habari inasema alkaloidi za mimea, yaani kemikali kali zinazotengenezwa na mimea, zimeamsha chembe za kinga maabara, sawa, ila mbona mlioiandika hamjasema zingine zinazizima? Kuna lile ua la porini jekundu lenye njano pembeni, linapanda vichaka kwa kujishikiza na ncha za majani, huku kwetu Newala mvua zikianza utaliona, kiazi chake kina alkaloidi inayoitwa kolchisini, ile ile dawa ya gauti (ugonjwa wa viungo kuvimba na kuuma), inavuruga vijibomba vya ndani ya chembe nyeupe za damu, zinashindwa kutembea kwenda kwenye kiungo kilichovimba ndo maana maumivu yanapoa. Bibi alikuwa anatuchapa tukilichimba, na hakukosea, kile kiazi kinaua. Kisahani cha maabara hakina ini wala figo, hakiwezi kuonyesha sumu itawafanya nini mwilini, kwa hiyo msianze kuchemsha mizizi huko.