Laptopu ndogo ya bei nafuu: mpya ya Celeron au mtumba wa ofisini?

Mwenye kama milioni moja ya shilingi, anayetafuta laptopu nyepesi ya kubeba kila siku, akiingia madukani Kampala huishia kuwekewa mbili juu ya meza. Moja ni mpya, kioo bado kina nailoni: inchi 11.6, prosesa ya Celeron N4020, RAM ya GB 4, hifadhi ya eMMC ya GB 64. Nyingine ni mtumba uliotoka maofisini ng'ambo, kona zimechubuka: Lenovo ThinkPad X280, Dell Latitude 7290 au HP EliteBook 830 G5, Core i5 ya kizazi cha nane, RAM GB 8, hifadhi ya SSD ya GB 256. Uzito karibu uleule, kati ya kilo moja na moja na nusu. Muuzaji atasifu upya wa ile na "Core i5" ya hii. Swali la kumuuliza ni jingine: kipi kikijaa au kikifa kinaweza kubadilishwa?

Ile mpya husemwa vibaya kuliko inavyostahili. N4020 ina koo mbili ("cores", sehemu za prosesa zinazofanya kazi) na imeundwa kutumia wati 6 tu, ndiyo maana laptopu nyingi za aina hii hazina feni. Kwenye vumbi jekundu hiyo ni faida kubwa. Feni ya mtumba ikishavuta vumbi la miezi kadhaa, matundu ya kutolea joto huziba, prosesa hupata moto na kujipunguzia kasi yenyewe. Lazima ifunguliwe mgongo, ipulizwe na kupakwa upya grisi ya joto. Isiyo na feni haina cha kuziba. Na umeme ukikatika, au Yaka (umeme wa kulipia kabla) ikiisha usiku, betri mpya ya Wh 38 (wati-saa) kwenye mashine inayokula wati 6 au 7 inampa mtu saa tano na ushei za kuandika.

Kinachoiangusha ni hifadhi na RAM. eMMC ni chipu iliyochomelewa kwenye ubao mama, jamii moja na memori kadi ya simu. Kati ya GB 64 zilizoandikwa kwenye boksi, Windows huhesabu kama 58, kisha nayo inachukua sehemu kubwa. GB 64 na GB 4 ndicho kiwango cha chini kabisa cha Windows 11, kwa hiyo mashine hii inaanza maisha ikiwa imesimama ukingoni. Sasisho kubwa likija, linakosa nafasi, linakwama na kurudia kushuka, huku likila bando ambalo tangu Julai 2021 linatozwa ushuru wa asilimia 12. Amri ya powercfg /h off kwenye Command Prompt hurudisha GB moja na nusu hivi, na kuweka mtandao kama wa kulipia kwa kipimo hupunguza ulaji wa bando. Ni nafuu tu.

RAM ndiyo inayoudhi kila siku. Fungua kivinjari chenye vichupo sita, kimoja MUELE, tovuti ya masomo ya Makerere, kingine YouTube, halafu WhatsApp na faili la Word. GB 4 zinajaa, Windows inaanza kuhamishia mzigo kwenye eMMC ambayo ni nzito, na mshale unaganda. Mtu anabonyeza mara tatu. Baada ya sekunde kumi madirisha matatu yanafunguka kwa pamoja. Kuandikwa na kufutwa huko kunachakaza chipu, nayo ikifa, fundi wa kawaida atakushauri ununue ubao mama mzima.

Kwenye mtumba, SSD ya M.2 inashikwa na skrubu moja. Latitude 7290 ina nafasi moja ya RAM, EliteBook 830 G5 ina mbili. X280 ni tofauti: RAM yake imechomelewa, kwa hiyo ukiinunua na GB 4 umerudi kulekule. Kizazi cha nane nacho kina sababu yake. Windows 10 iliachwa rasmi tarehe 14 Oktoba 2025, na orodha ya Core za Intel zinazokubaliwa na Windows 11, ukiacha chache, inaanzia kizazi hicho. ThinkPad X270 na EliteBook 820 G3 ni za kabla yake. Duka likikuuzia moja yenye Windows 11, ujue wameruka ukaguzi. Itafanya kazi, ila matoleo mapya ya kila mwaka hayaji yenyewe. Kwa atakayeweka Linux, mfumo wa bure badala ya Windows, hizo zina bei nzuri.

Mtumba una mitego yake, na yote hukaguliwa kabla ya kulipa. Andika powercfg /batteryreport kwenye Command Prompt, ulinganishe uwezo wa betri ulivyoundwa na ulivyo sasa: Wh 42 iliyobaki 20 ni betri ya kununua, iongeze kwenye bei. Ingia kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine, wakati inawaka (F1 kwa ThinkPad, F2 kwa Dell, F10 kwa HP). Ikidai nywila, iache. Omba Windows irudishwe katika hali ya kiwandani ukiwa umeunganishwa na intaneti. Jina la kampuni fulani likitokea kwenye kuingia, mashine bado ina mwenyewe. Angalia kibodi pia, maana za Ujerumani zimebadilishana Y na Z, na kubadili mpangilio kwenye Windows hakubadili maandishi ya vitufe. Kioo ulizia, hata X280 zipo zenye pikseli 1366 kwa 768.

Chaja ya USB-C ya wati 45, inayoweza kuchaji mitumba hii, ni rahisi kupata kuliko zile za pini nyembamba za laptopu mpya nyingi za bei ya chini. Ila pawa benki ya kawaida ya wati 10 haitachaji mtumba huo.

Mwenye duka anayetoa risiti za EFRIS, mfumo wa kodi wa risiti za kielektroniki, kwenye kichupo kimoja, na vumbi la barabara mlangoni, ile Celeron inamtosha. Mwanafunzi wa miaka mitatu achukue mtumba na atenge pesa ya betri. Na ukikuta mpya yenye Intel N100, koo nne kwa wati zilezile 6, RAM GB 8 na SSD inayoweza kubadilishwa, ongeza pesa uichukue. Yenye N100 lakini GB 4 za kuchomelewa, iache hapohapo mezani.