Usiipe C anwani tupu

Picha moja ya pikseli 4,000 kwa 3,000, yenye rangi tatu za baiti moja moja, ni baiti milioni 36. Ukiinakili kila inapotoka kwenye lugha ya Python kwenda kwenye maktaba iliyoandikwa kwa lugha ya C, na tena inaporudi, mashine inachoka kwa kubeba mizigo tu. Ndiyo maana tunataka pande zote mbili zisome kumbukumbu ileile, na mimi ni wa kwanza kutaka hivyo. Ninachokipinga ni njia ya mkato: kuchukua anwani ya data, yaani mahali ilipo kwenye kumbukumbu, kama namba tu na kuitupia C.

Python huiachia safu (array, kundi la thamani zilizopangwa) mara tu pasipobaki kitu kinachoirejelea, na namba uliyoipa C haihesabiwi kama rejeleo. Katika NumPy, maktaba ya Python ya safu za namba, andika (a + b).ctypes.data kisha uipe C jibu lake: safu iliyozaliwa na ile jumla imeshafutwa kabla C haijasoma baiti ya kwanza. Nyaraka za NumPy zenyewe zinaonya. Kibaya zaidi, mara nyingi programu haianguki. Baiti za zamani bado zipo pale, majaribio yanapita, unalala usingizi mnono. Nilihangaika siku nne na picha zilizotoka na mistari ya picha nyingine katikati, tena pale tu mashine ilipoelemewa. Kila nilipoweka print, tatizo lilitoweka.

Dawa ipo tangu PEP 3118, pendekezo la kuboresha Python lililotolewa mwaka 2006 na Travis Oliphant na Carl Banks. C inaomba bafa, yaani ruhusa ya kufikia kumbukumbu yenye data, kwa PyObject_GetBuffer, inafanya kazi yake, inairudisha kwa PyBuffer_Release. Muda wote huo mwenye data anajua kuna mtu ndani. Jaribu mwenyewe: tengeneza bytearray (safu ya baiti inayoweza kurefushwa), ishike kwa memoryview (kitu cha Python kinachoomba bafa kwa njia hiyohiyo), kisha uiongezee baiti moja kwa append. Python inakataa papo hapo na kukupa BufferError. Mwenye nyumba habomoi ukuta mpangaji akiwa amelala ndani.

Bafa hiyo pia huja na maelezo: aina ya kila kipengele, vipimo, na hatua za baiti kutoka mstari hadi mstari. Hili la hatua wengi hulipuuza. Ukiigeuza picha juu chini kwa picha[::-1], hakuna baiti inayohama. Hatua ndiyo inayokuwa hasi, na anwani sasa inaelekeza kwenye mstari wa mwisho. C iliyopewa anwani tupu itasoma mstari huo mmoja, kisha itaendelea mbele, nje kabisa ya picha.

Data ikiwa ndogo, nakili tu, wala usione aibu.

Siku hizi nikikagua msimbo wa C wa mwenzangu, naanza kutafuta PyBuffer_Release, hasa kwenye njia za makosa. Hapo ndipo inaposahauliwa: faili haikufunguka, fanksheni ikarudi mapema, na bafa ikabaki imeshikwa hadi programu inazimwa.