Risala Yenye Vizibo vya Soda

Kwa kuwa Waziri wa Chakula wa serikali yetu ya wanachuo amekwisha kurusha kwenye makundi matatu ya WhatsApp sauti ya dakika nne, ambamo anaapa kwamba siku ya mahafali nilimwimbisha mgeni rasmi wimbo wa watoto mpaka akatoka jasho, nimeona niieleze habari hii mwenyewe kabla haijawafikia watu ninaotarajia siku moja kuwaita wakwe. Sikumwimbisha mtu yeyote. Nilisoma tu kilichoandikwa kwenye karatasi, na msiba wote umelala hapo.

Ninyi mliopita vyuo vya ualimu mnajua risala ya wahitimu inavyokwenda: inaanza kwa shukrani, inapita kwenye mafanikio, inatua kwenye changamoto, kisha inaomba. Yetu ilikuwa na kurasa nne, na Mkuu wa Chuo alikuwa ameipitia na kukata neno "hakika" mara saba. Ijumaa jioni niliipeleka steshenari iliyo ng'ambo ya geti, umeme ukakatika ukurasa wa tatu ukiwa bado tumboni mwa mashine, na kijana wa pale akaniambia nitangulie na kurasa zangu tatu, ule mmoja angeuleta bwenini umeme ukirudi. Aliuleta kweli. Sikuwapo, akampa Waziri wa Chakula, naye Waziri, kwa sababu anazozijua mwenyewe, akaandika nyuma yake hesabu ya sahani za pilau na kwenda nao jikoni. Sehemu hii, ndugu zangu, ile sauti ya dakika nne haiigusi kabisa.

Kurasa zangu tatu nilizitia kwenye faili la plastiki nililotembea nalo kipindi chote cha BTP, yale mazoezi ya kufundisha shuleni. Asubuhi ya mahafali nikahesabu karatasi: nne. Nikaridhika. Mimi ni mwalimu wa Hisabati. Huwa nahesabu, sisomi.

Sasa nipisheni niwapeleke polepole, kwa maana jambo lenyewe lilikwenda polepole. Nilisimama mbele ya meza kuu nikiwa nimevaa koti la kuazima lililonibana makwapani, chini ya hema lililotunza joto kama jungu la futari. Ukurasa wa kwanza ulipita vizuri. Wa pili ulipigiwa makofi mara mbili, na mama yangu, aliyesafiri kwa basi usiku kucha, alikuwa ameanza kuwaonyesha jirani zake kwa kidole ni nani anayesoma. Nikafika mwisho wa ukurasa huo nikasema, "Mheshimiwa mgeni rasmi, pamoja na mafanikio hayo, zipo changamoto zinazotukabili, ambazo ni kama zifuatazo." Nikatua, kama tulivyofundishwa kutua. Nikafunua. Na kwa sauti ile ile nzito nikaendelea: "Darasa la Pili. Wanafunzi waliosajiliwa, 94. Waliohudhuria, 91."

Hakucheka mtu. Meza kuu yote ilitikisa kichwa kwa masikitiko, kwa sababu watoto 94 katika chumba kimoja ni changamoto ya kweli, na mimi mwenyewe, akili yangu ikiwa bado kwenye koti, sikuona tatizo lolote. "Zana za kufundishia: vizibo vya soda 60, vijiti vilivyofungwa kumikumi, na kopo tupu moja." Mgeni rasmi akatoa kalamu mfukoni, akaandika. Nilimwona akiandika. Niliona midomo yake ikitamka "vizibo" bila sauti, na hapo ndipo damu iliponishuka miguuni, kwa maana niliitambua ile karatasi: lilikuwa andalio langu la somo la BTP.

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kukohoa, kuzimia, hata kujifanya nimeng'atwa na siafu. Lakini mdomo wa msoma risala ni kama lori la mkaa kwenye mteremko wa Kitonga: likishaanza kushuka, dereva naye ni abiria. Nikajisikia nikisoma: "Utangulizi, dakika 5. Mwalimu atawaongoza wanafunzi kuimba wimbo wa kuhesabu, huku wakipiga makofi."

Mshereheshaji, ambaye tangu asubuhi alikuwa halisikii neno "makofi" likapita hivi hivi, akadaka kipaza sauti: "Makofi, tafadhali!" Hema zima likapiga makofi. Mama akaachia kigelegele kile kirefu cha kutoa bwana harusi. Wahitimu wenzangu, ambao kila mmoja wao ameiandika sentensi hiyo hiyo kwenye kila andalio tangu aingie chuoni, ndio waliokuwa wa kwanza kuelewa, na kutoka safu ya nyuma sauti moja ikaanza kuhesabu kwa wimbo, moja, mbili, tatu, wenzake wakaidaka. Sauti ile naijua. Ndiyo hiyo hiyo mnayoisikia kwenye WhatsApp ikinishtaki kwa kuimbisha. Walipofika kumi, kiatu cha mgeni rasmi kilikuwa kikifuata mapigo.

Nikakimbilia chini ya ukurasa nikitafuta mahali pa kutokea, kama mtu anayetafuta mlango gizani, nikayakuta maneno mawili matatu ya wino mwekundu, na kabla sijayapima nikayatoa kwenye kipaza sauti: "Mwanachuo ana sauti nzuri, lakini haangalii anachokifanya."

Hapo ndipo nilipofunga mdomo. Kukawa kimya kiasi kwamba nilisikia sufuria ikifunikwa jikoni. Mkufunzi aliyeyaandika maneno hayo, siku aliponikagua darasani, alikuwa ameketi kiti cha tatu kutoka kwa mgeni rasmi. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge, akaivaa tena, akanitazama kana kwamba anathibitisha alama alizonipa.

Yaliyofuata siyakumbuki yote, na sina hamu. Nilisoma ukurasa wa nne, tukaomba uzio na kompyuta, nikashuka, mtu akanipa maji.

Mgeni rasmi alikuwa mwalimu mstaafu, mmoja wa vijana waliochukuliwa wakiwa wametoka Darasa la Saba ili wafundishe ulipoanza mpango wa UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote, mwaka 1977, ambao walijifunza ualimu huku tayari wana watoto wa watu mbele yao. Aliposimama kujibu risala, alisema kwamba katika mahafali yote aliyoalikwa ameombwa mabasi, visima na ukumbi, lakini hajawahi kuombwa vizibo, ilhali yeye alianza kazi kwa vizibo chini ya mwembe. Kwa hiyo hao 60 anawaleta mwenyewe. (Ndiyo, alisema "hao", na hakuna aliyethubutu kumsahihisha.) Kisha akanigeukia. "Ila mwanangu, kipindi cha Darasa la Pili ni dakika 30. Utangulizi wako umekula kumi na mbili."

Kwa wasiojua, sisi mahafali hufanyika kabla ya mtihani wa taifa, kwa hiyo mhitimu aliyeaibika hana pa kukimbilia. Anarudi bwalo lile lile, kwenye foleni ya maharage ile ile, huku mwaka wa kwanza wakimwamkia kwa kupiga makofi. Jumatatu bodaboda alileta mfuko wa sandarusi getini, umefungwa kwa kamba ya katani, una jina la chuo. Mkufunzi wangu akaniita ofisini, akaumwaga mezani, akavuta kiti, akaniagiza nivihesabu mbele yake, kimoja baada ya kingine, nikiangalia ninachokifanya.