Macho ya kiangazi: tusiishie kulaumu vumbi

Upepo wa Dodoma ukishaanza kutimua vumbi, kuanzia Agosti hivi hadi mvua za Desemba zikaribie, utawaona watoto wale wale wakifikicha macho. Asubuhi wanaamka na tongotongo nzito inayovutika. Mchana jua linawachoma, wanatembea wameinamisha vichwa. Weupe wa jicho umegeuka mwekundu, na kwa wengine umepata rangi ya udongo. Darasani wanaitwa wachafu, wenzao wanaambiwa wasikae nao dawati moja.

Hilo la kuwatenga linaniuma sana. Januari 2024, Dar es Salaam ilipokumbwa na macho mekundu, na muda mfupi baadaye Mombasa, yule alikuwa kirusi kinachopita kwa mikono, taulo na mito. Kilikuja ghafla na wengi wakapona baada ya siku chache. Mtoto anayewashwa macho mwaka hadi mwaka, macho yote mawili, huenda ana kitu kingine kabisa: uvimbe wa mzio (aleji), ambao hauambukizi hata kidogo. Huanza utotoni, huwapata wavulana zaidi, na kwa walio wengi huisha wanapobalehe au baada ya hapo. Si ugonjwa wa nadra. Watafiti waliopima wanafunzi nchini Rwanda waliukuta kwa takriban watoto 4 katika kila 100, na ulikuwa unawakosesha masomo.

Wazazi husema, "Ni hali ya hewa tu, mvua zikinyesha ataacha." Wana haki kwa kiasi. Joto, ukavu, upepo na jua kali huuchochea. Lakini Ulaya, mtoto wa aina hii huanza kusumbuka majira ya kuchipua, kisha baridi ikiingia anapata nafuu ya miezi kadhaa. Sisi baridi hiyo hatuna. Mvua hutuliza vumbi, mtoto akapumua kidogo, lakini wengi huwashwa mwaka mzima, kiangazi kikizidisha tu.

Kwa hiyo mzazi anakwenda duka la dawa. Anapewa kichupa cha matone yenye steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, mara nyingi deksamethasoni iliyochanganywa na antibayotiki. Baada ya siku chache macho yameng'aa, mtoto anacheza, na kila mtu nyumbani anaamini dawa imepatikana. Muwasho ukirudi, kichupa kinanunuliwa tena. Na tena. Hakuna anayeona kwamba steroidi ikitumika muda mrefu inaweza kupandisha presha ya macho, na presha hiyo huua mshipa wa kuonea bila maumivu yoyote. Mshipa ukishakufa haurudi. Inaweza pia kuleta mtoto wa jicho kwa mwanafunzi wa darasa la nne. Ugonjwa ambao pengine ungeisha wenyewe akifika sekondari unamwacha haoni, na kilichompofusha ni dawa. Sijui jambo la kusikitisha kuliko hilo.

Sisemi steroidi ni sumu. Daktari wa macho huitumia uvimbe ukiwa mkali, hasa vinundu vya ndani ya kope ya juu vinapokwaruza kioo cha mbele ya jicho hadi kutoa kidonda. Ila huitoa kwa muda mfupi na hupima presha. Wala simlaumu mama aliyenunua kichupa: kliniki ya macho iko mbali, nauli ni pesa, na duka liko hapo kona.

Ninachoomba ni tuutumie msimu kama kalenda. Matone ya kuzuia mzio, yale yasiyo na steroidi, huchukua siku kadhaa hata wiki kabla hayajafanya kazi vizuri. Ukiyaanza Septemba jicho likiwa limeshavimba, utayaona hayana maana na utarudi kwenye kichupa kile. Mpeleke mtoto mwezi Julai. Mnunulie kofia pana na shule imruhusu kuivaa uwanjani. Akiwashwa, mpe kitambaa cha maji safi ya baridi afunike macho badala ya kufikicha, maana kufikicha miaka na miaka kunaweza kudhoofisha kioo hicho cha mbele ya jicho hadi kikachomoza. Na kama ameshatumia matone ya dukani mara kwa mara, mweleze daktari, nenda na kichupa chenyewe, kisha mwombe apime presha ya macho siku hiyo hiyo.