Nilinunua rejeta yangu mwenyewe kwa kilo

Mwezi wa sita mwaka jana nilikuwa natoka Tukuyu na mikungu minane ya ndizi nyuma ya pikapu ya marehemu baba, Peugeot 404. Sijafika Isyonje, mshale wa joto ukaenda kulia na haukurudi. Nikaegesha, nikasubiri kama nusu saa, nikafungua mfuniko kwa tambara huku nimegeuza uso pembeni. Maji yaliyobaki hayakujaza kikombe. Mama mmoja aliyekuwa anauza viazi kando ya barabara akanipa dumu lake la maji, hela akakataa, akauliza tu: "Baba, na hili nalo bado mnalitembeza?" Nikamwambia ndaga fijo, asante sana kwa Kinyakyusa, nikateremka nalo polepole mpaka Uyole.

Wenye magari ya zamani tunajua kwamba injini haituui. Kinachotuua ni rejeta, ile inayopoza maji ya injini. Hedi ya 404, yaani kichwa cha injini, ni ya alumini, ikichemshwa mara mbili tatu inapinda, gasketi inaungua, na hapo bili inakuwa ya ukoo mzima. Kwa hiyo nilipoambiwa kori imeoza sikubishana. Kori ni lile tumbo la katikati: vijibomba vyembamba vya shaba vinavyopitisha maji, na katikati yake mapezi yaliyokunjwa kama karatasi, yanayopokea upepo. Juu yake kuna tangi, chini yake tangi lingine, vyote vimeshikwa kwa lehemu. Kwangu mapezi yalikuwa yanamomonyoka ukiyagusa kwa kidole.

Nikaanza kuzunguka. Mwanjelwa, hapa Mbeya mjini, nikaonyeshwa rejeta mpya ya alumini ya saluni ya Kijapani, matangi yake ya plastiki. Kijana wa dukani akaniambia, "Bosi, hii tunailazimisha tu, inakaa." Ni kweli inakaa. Unakata vishikio, unatafuta mpira wa kupinda huku na huku kwa sababu mdomo wa maji uko upande mwingine, na mfuniko nao una nguvu nyingine kabisa na ile ambayo gari lako lilitengenezewa. Sina ugomvi na alumini. Ni nyepesi na magari mapya yote yanaitumia. Lakini tangi la plastiki limebanwa kwa meno juu ya mpira, halikuchomelewa. Siku likipasuka ukiwa Chimala usiku, hakuna fundi atakayelitia lehemu. Utapakwa gundi, utaombewa dua.

Njia ya pili ilikuwa kuagiza ng'ambo. Niliuliza bei, nikajumlisha usafiri na ushuru, nikafunga simu nikanywa chai.

Sasa hapa ndipo nilipofanya ujinga. Fundi wa gereji ya kwanza alinishauri ile rejeta iliyooza tuiuze skrepa ili ipunguze gharama. Shaba ina bei, akasema, na hilo ni kweli. Nikakubali kwa kichwa tu, bila kufikiri. Usiku, nikiwa kitandani, ndipo ikanijia: nimeuza matangi! Kori unaweza kuitafuta popote, maana kori ni vipimo tu: urefu, upana, unene na idadi ya safu za vijibomba. Lakini tangi la juu lenye mdomo wa kujazia mahali pake, tangi la chini lenye bomba lililoinama kufuata pampu ya maji ya 404, vile vishikio vya pembeni vyenye matundu yanayolingana na chesesi, hivyo ndivyo rejeta yenyewe. Alfajiri nilikuwa mlangoni kwa mwenye mizani, yule mnunuzi wa skrepa. Niliikuta juu ya rundo la nyaya na mabomba, tangi la juu limebonyea kama lililokaliwa. Akaipima mbele yangu, akanitajia bei ya kuuzia, siyo ya kununulia. Nikalipa.

Ndiyo maana nasema, na nitalisema mpaka nichokwe: gari la zamani halina haja ya rejeta mpya, lina haja ya kori mpya kwenye matangi yale yale. Na bei nafuu inaanzia kwenye kutokutupa.

Aliyenitengenezea ni mzee mmoja wa Mafiati, kibanda chake hakina hata bango. Aliliweka tangi la juu kwenye moto wa gesi, akawa anapitisha mwali pembeni taratibu, mpaka lehemu ikaanza kudondoka kama machozi ya mshumaa na tangi likachomoka lenyewe. Ndani kulikuwa na tope la rangi ya ulezi, na vipande vigumu vya manjano. Akavichokonoa kwa bisibisi, akanitazama juu ya miwani. "Nani alitia yai humu?" Nikamwambia ni baba. Zamani madereva walipasulia yai kwenye rejeta inayovuja. Linaiva, linaziba tundu. Linaziba na vijibomba vilivyokuwa vizima pia. Mzee akasema, "Basi Mungu amrehemu," akaendelea na kazi.

Kori aliitoa kwenye rejeta ya lori ambalo matangi yake yalikuwa yamekufa lakini tumbo lilikuwa zima. Akaikata urefu, akaipunguza upana, akakunja bamba la shaba kufuata ukingo wa matangi yangu. Kabla ya kuchomelea, alipaka dawa aliyoitengeneza mwenyewe: tindikali aliyoitia vipande vya maganda ya betri za tochi, kwa sababu yale maganda ni zinki. Bila dawa hiyo lehemu inateleza juu ya shaba, haishiki. Anaifanyia nje, upepo ukiwa mgongoni, kwa kuwa moshi wake si wa kuvuta, na lehemu ina risasi ndani. Mwisho akaziba midomo, akapuliza upepo, akaizamisha kwenye pipa la maji. Viputo vikatoka sehemu mbili. Akarudia. Mara ya pili maji yalitulia.

Nilimwomba aniwekee safu nne badala ya tatu, nikidhani zaidi ni bora. Akakataa. Upepo ukifika safu ya nne, akasema, umeshapata joto la zile tatu za mbele, na feni yako haina nguvu ya kuusukuma. Feni ya 404 yenyewe ni ya ajabu kidogo: ina sumaku ya umeme inayoiunganisha maji yakipata joto na kuiachia yakipoa. Ile ya kwangu, kumbe, kaboni yake, kile kipande kinachoipelekea sumaku umeme, ilikuwa imeisha na feni ilikuwa haiungi kabisa. Kwa hiyo kori mpya peke yake isingeniponya. Tukabadilisha na kaboni.

Na kwetu huku juu kuna jambo ambalo fundi wa Dar es Salaam anaweza kulisahau. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na maji yanachemka kwenye nyuzi kama 94 hivi, siyo 100. Ukipanda kuelekea Chunya yanachemka mapema zaidi. Mfuniko wa rejeta ndio unaobana maji yasichemke haraka, kwa hiyo mfuniko wenye springi iliyolegea, ambao Dar utakusamehe, hapa utakuadhiri mlimani. Niliununua mpya. Ndiyo spea pekee niliyoinunua dukani.

Gharama yote, pamoja na ile ya kuikomboa rejeta kwa mwenye mizani, haikufika nusu ya bei niliyoipata ya kuagiza. Gari hili, kwa wasiojua, ndilo lililompa dereva Bert Shankland ushindi wa mashindano ya magari ya Safari Rally mwaka 1966 na 1967, kwa saluni yake lakini, siyo pikapu ya ndizi.

Juzi nimeambiwa kuna 404 nyingine Mafinga, imelala nyuma ya nyumba, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Mwenyewe anataka kuiuza kwa kilo. Nimempigia, nimemwomba asimwite mtu wa mizani kabla ya Jumamosi. Nakwenda na futi kamba.